Andika Kila Siku, Hata Nyumba Ikijaa Wageni

Ukisubiri siku tulivu ndipo uandike, hutaandika. Mtu mwenye kazi, watoto, ndugu na majirani hana siku ya namna hiyo. Leo umeme umekatika, kesho kuna msiba, keshokutwa shangazi anaingia na basi la asubuhi. Basi panga uandishi wako ukijua kabisa kwamba utakatizwa.

Hilo linawezekana. Shaaban Robert aliingia kazini Idara ya Forodha mwaka 1926, akaendelea kuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na bado alituachia vitabu zaidi ya 20. Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtu wa ofisini hadi alipostaafu. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimkuta mwaka 1988. Wote wawili waliandika huku wakiwa na bosi. Wewe pia unaweza. Fanya hivi.

Jiwekee kipimo kidogo

Maneno 200 kwa siku yanatosha. Ni kama ukurasa mmoja wa daftari. Ukiandika siku 300 kwa mwaka, unapata maneno 60,000, nayo ni riwaya nzima. Hapo umebakiwa na siku 65 za homa, harusi na safari.

Siku ukichangamka, andika hata 1,000. Lakini kesho yake kipimo ni 200 tena. Ya jana hayalipii ya leo.

Funga uandishi kwenye jambo unalolifanya tayari

"Nitaandika jioni" si mpango. Sema: "nikishaswali alfajiri", "nikishawapeleka watoto shule", "nikishafunga duka". Jambo hilo hutokea kila siku, kwa hiyo litakukumbusha lenyewe.

Anthony Trollope wa Uingereza, aliyekuwa mfanyakazi wa Posta, alikaa mezani saa 11:30 alfajiri na kuandika hadi saa 2:30 asubuhi. Alijipimia maneno 250 kila robo saa, saa yake ikiwa mbele yake. Huhitaji kasi hiyo wala muda huo. Kwa maneno 200, jipe nusu saa.

Alfajiri si lazima. Mwandishi Toni Morrison wa Marekani aliipenda kwa sababu watoto wake walikuwa bado wamelala. Kama unafanya kazi zamu ya usiku, saa yako huenda ikawa ile ya mapumziko.

Uwe na saa ya akiba

Chagua mapema nafasi ya pili. Asubuhi ikiharibika, utaandika saa ya chakula cha mchana, au watoto wakishalala. Usingoje mambo yaharibike ndipo uanze kutafuta nafasi. Ukiwa umechoka na una hasira, hutaiona.

Daftari litembee nawe

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni au kwenye mkoba. Foleni ya benki, benchi la hospitali, kiti cha saluni, kote huko ni mahali pa kuandikia.

Kwenye daladala umesimama na kalamu haishikiki? Chukua simu, jirekodi sauti kwa dakika mbili. Ukifika nyumbani, sikiliza na uandike. Kama hutaki abiria wenzako wasikie, chapa mistari michache na ujitumie mwenyewe kwenye WhatsApp.

Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi ya *Sauti ya Dhiki* aliyaandika gerezani, kwenye karatasi za chooni. Mkumbuke siku unayotaka kuahirisha kwa sababu meza haijapangwa vizuri.

Kabla hujainuka, acha alama

Ukiweza kushika mbinu moja tu, shika hii. Mtoto akilia au mgeni akibisha hodi, usikimbilie kumalizia aya. Andika mstari mmoja unaoanza na neno "Sasa", useme kinachofuata. Kwa mfano: "Sasa: Mama Zuhura anafungua bahasha, anakuta picha tu, hakuna barua."

Inuka, kahudumie watu. Ukirudi baada ya dakika kumi au siku mbili, hukai kukodolea ukurasa macho. Unajua pa kuanzia.

Fanya hivyo hata usipokatizwa. Ernest Hemingway wa Marekani alishauri mwandishi aache kazi wakati bado anajua kinachofuata. Acha mahali patamu, kesho utarudi na hamu.

Waambie wa nyumbani kwa saa, si kwa malalamiko

"Hamniachi nikaandika" huzua ugomvi. Sema hivi: "Nipeni hadi saa mbili kamili, kisha niko nanyi." Kwa watoto, weka kengele ya simu wasikie wenyewe. Ikilia, inuka kweli, hata kama sentensi imekolea. Wakiona unatimiza ahadi, kesho watakuachia tena bila kununa.

Wapo wasioambiwa wasubiri. Mama mkwe akiingia, funga daftari, mpokee mizigo, kaa naye. Saa ya akiba uliiweka kwa ajili ya siku hiyo.

Msibani, kaa na watu

Usiende msibani na daftari. Kabebe maji, kakae mkekani, kazike. Usiku ukirudi, andika sentensi tatu tu: nani alifika kutoka mbali, neno gani lilisemwa likakugusa, nini kilipikwa. Hiyo ndiyo kazi yako ya siku hiyo, imetosha. Iache daftarini. Majonzi ya wenzako si ya kutangaza.

Fanya vivyo hivyo ukiwa harusini, safarini au ukiuguza mgonjwa. Sentensi tatu hukufanya usipotee njia mpaka siku za kawaida zirudi.

Badilisha saa kabla msimu haujafika

Ramadhani ikiingia, jioni yako ni ya futari na tarawehe. Hamisha uandishi uende baada ya daku. Msimu wa kulima ukikaribia, au mitihani, kaa na kalenda wiki moja kabla na uchague saa mpya. Wengi huacha kuandika katika siku kama hizo. Saa ya zamani imekufa na hawakuweka nyingine.

Jiandae na umeme na simu

Andika rasimu kwenye karatasi, hata kama una kompyuta. Umeme ukikatika, kazi inaendelea kwa mshumaa au taa ya sola. Wakati wa kuandika, zima data na ulaze simu kifudifudi. Mara moja kwa wiki, piga picha kurasa zako na ujitumie kwa barua pepe. Daftari huloa, husahaulika kwenye gari, huchanwa na watoto.

Kuhariri kuna siku yake

Katika nusu saa yako, songa mbele tu. Usirudi kufuta wala kutafuta neno zuri zaidi. Weka siku moja ya wiki, tuseme Jumapili mchana, uwe mhariri. Ukichanganya kazi hizi mbili, nusu saa itaisha umepata sentensi moja iliyopigwa pasi mara kumi.

Ukianguka, rudi na kipimo kilekile

Utakosa siku. Usijiadhibu kwa kudai maneno 400 kesho yake. Deni hilo litakuwa 600, kisha 800, kisha utalikimbia. Rudi na 200. Jitahidi tu usikose siku mbili mfululizo.

Ikipita wiki au mwezi, usisome kila ulichoandika tangu mwanzo. Utaona makosa tu na kukata tamaa. Soma ukurasa wa mwisho, nakili sentensi ya mwisho kwa mkono, kisha iendeleze. Kawia ufike.

Anza leo usiku

Chukua daftari lolote lililopo. Ukurasa wa kwanza, andika mambo matatu: saa yako, saa yako ya akiba, na mstari mmoja unaoanza na "Sasa". Liweke pamoja na kitu unachokishika kila asubuhi, iwe miwani, funguo au mswaki. Kesho saa yako ikifika, anzia kwenye mstari huo. Maneno 200 yakitimia, funga daftari, uendelee na siku yako.