Mchepuko wa Mafuta: Somo Kutoka kwenye Giaboksi ya Gari la Wagonjwa

Katika toleo hili tumeona vema tuache kidogo habari za visima na miche ya miti, tuzungumzie kifaa kinachoenea kwenye kiganja cha mkono. Kifaa hicho kilitugharimu giaboksi nzima, na kingetugharimu ya pili kama tusingesimama na kuuliza. Tunaandika ili kamati za sharika zenye magari ya miradi, pamoja na marafiki wanaotutumia magari, wajifunze kwa hasara yetu na si kwa hasara yao.

Gari lilivyotusimamisha

Gari tunalolizungumzia ni gari la wagonjwa, lenye usukani kushoto na giaboksi ya otomatiki. Lilifanya kazi miaka kadhaa huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kabla marafiki zetu hawajalitoa kwa kituo cha afya katika nyanda zetu za juu kusini. Miezi ya mwanzo lilikwenda vizuri. Kisha usiku mmoja, likipanda mlima na mama mjamzito ndani, lilianza kuteleza gia: injini inavuma lakini gari haliendi. Dereva akasikia harufu ya kuungua, akasimama. Mama yule alimalizia safari kwenye lori la mbao. Tunashukuru kwamba alifika na akajifungua salama, lakini hakuna kamati inayopaswa kupanga huduma ya afya kwa kutegemea lori la mbao lipite.

Asubuhi fundi alichomoa dipstiki, akatuonyesha mafuta yaliyogeuka meusi. Akasema giaboksi imekufa. Kamati ilikutana, ikatoa shilingi milioni tatu na nusu, giaboksi iliyotumika ikanunuliwa na kufungwa. Baada ya wiki tatu, kwenye mlima uleule, harufu ileile ikarudi. Safari hii dereva aliwahi kusimama kabla klachi hazijaungua.

Hapo ndipo tulipouliza swali tulilopaswa kuuliza tangu mwanzo: ni nini kilichoiua giaboksi ya kwanza?

Kazi ya mafuta ndani ya giaboksi ya otomatiki

Katika giaboksi ya kawaida, mafuta kazi yake kubwa ni kulainisha meno ya gia. Katika giaboksi ya otomatiki mafuta, ambayo mafundi wetu huyaita haidroliki, yana kazi nne. Yanapeleka nguvu ya injini kupitia tokkonveta, yaani kile chombo cha duara kilichoko kati ya injini na giaboksi. Yanasukuma klachi za ndani ili gia zibadilike. Yanalainisha. Tena yanabeba joto na kulipeleka nje.

Joto hilo si dogo, hasa gari likipanda mlima na mzigo, kwa kuwa sehemu ya nguvu ya injini hupotea ndani ya tokkonveta na kugeuka joto. Kwa hiyo mafuta yakitoka kwenye tokkonveta hupitishwa kwenye kipozeo. Magari mengi yana kipozeo ndani ya rejeta, na yanayofanya kazi nzito huongezewa kingine mbele ya rejeta, kinachopozwa na upepo. Katika giaboksi nyingi, mafuta yanayorudi kutoka kwenye kipozeo ndiyo yanayokwenda kulainisha bushi na gia za ndani. Jambo hili tunaomba likumbukwe, maana somo lote linasimama juu yake. Njia ya kipozeo ikiziba, giaboksi hukosa kupozwa, na pia hukosa kulainishwa.

Giaboksi nyingi hufanya kazi vizuri mafuta yakiwa kwenye nyuzi joto 80 hadi 95 za sentigredi. Kwa kanuni ya makadirio wanayoitumia mafundi, kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi juu ya hapo, umri wa mafuta hupungua kwa nusu.

Asubuhi ya Januari huko Minnesota

Baadhi yetu tuliwahi kuzitembelea sharika rafiki za Minnesota mwezi wa Januari. Tulishangaa kuona magari yamechomekwa kwenye umeme usiku kucha kama pasi. Tukaelezwa kwamba waya ule unapasha moto injini ili iweze kuwaka asubuhi. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri si habari ya ajabu kule. Tarehe 2 Februari 1996, katika mji wa Tower, ilipimwa baridi ya nyuzi 51 chini ya sifuri, ambayo ni rekodi ya jimbo hilo.

Sasa tufikiri mafuta ya giaboksi katika asubuhi kama hiyo. Tuchukue aina ya Dexron III, ambayo General Motors iliacha kuipa leseni mwishoni mwa mwaka 2006 ingawa jina lake bado linaonekana kwenye makopo mengi. Kwenye nyuzi 40 mafuta hayo huwa mazito mara nne hadi tano kuliko yakiwa kwenye nyuzi 100. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, masharti ya aina hiyo yaliruhusu uzito wa hadi senti-poizi 20,000. Maji ya kunywa ni kama senti-poizi 1 tu. Kusukuma mafuta ya namna hiyo kwenye mirija myembamba ya kipozeo, huku upepo wa barafu ukikipiga kwa mbele, ni kama kunyonya asali iliyoganda kwa mrija wa soda.

Pampu inasukuma, lakini mafuta hayapiti. Yasipopita hayarudi, na yasiporudi, bushi na gia zinazunguka zikiwa kavu. Giaboksi inaweza kuharibika katika baridi kali hata kabla gari halijafika barabara kuu.

Valvu ya mchepuko na aina zake mbili

Sote tunajua daraja likivunjika wakala wa barabara hufanya nini: huchonga mchepuko ili magari yaendelee kupita mpaka daraja litengenezwe. Valvu tunayoizungumzia hufanya vivyo hivyo. Kipozeo kisipopitika, mafuta yanachepuka na kurudi moja kwa moja kwenye giaboksi, nayo inalainishwa.

Aina ya kwanza hufanya kazi kwa msukumo. Ndani yake kuna gololi inayobanwa na springi. Msukumo ukizidi nguvu ya springi, gololi inasogea na mafuta yanapita mchepuko. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, msukumo unashuka, gololi inarudi mahali pake, na mafuta yanaanza kupita kwenye kipozeo. Valvu hii husaidia pia kipozeo kikiziba kwa uchafu, hata kama hakuna baridi.

Aina ya pili hufanya kazi kwa joto. Ndani yake kuna nta maalumu, kama ile ya thamostati ya injini. Nta ikiwa baridi, mchepuko uko wazi. Nta ikiyeyuka inatanuka, inasukuma pini, mchepuko unafungwa na njia ya kipozeo inafunguka. Watengenezaji hutofautiana, lakini nyingi huanza kuipeleka mafuta kwenye kipozeo kati ya nyuzi 70 na 90. Kwa njia hii giaboksi inapata joto lake mapema. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa magari mengi ya siku hizi hayaruhusu tokkonveta kujifunga mpaka mafuta yapate joto, na kabla haijajifunga gari hutumia mafuta mengi zaidi.

Kilichotokea kwenye gari letu

Gari letu lilikuwa na aina ya pili. Fundi wa pili tuliyemwita, mzee aliyezoea malori, hakugusa giaboksi kwanza. Alimwambia dereva apande mlima kidogo, asimame mahali tambarare, kisha akasogeza mkono wake taratibu karibu na kipozeo cha mbele. Kilikuwa baridi. Paipu mbili zinazotoka kwenye giaboksi hadi kwenye valvu zilikuwa za moto kupita kiasi, lakini zile zinazotoka kwenye valvu hadi kwenye kipozeo zilikuwa baridi.

Mzee akatuambia, "Wanangu, giaboksi yenu inadhani bado iko Ulaya."

Tulimsahihisha kwamba ni Marekani, naye akasema baridi ni ileile. Alikuwa sahihi. Nta ya valvu ilikuwa imevuja kwa uzee. Nta isipokuwepo, hakuna kinachosukuma pini, hivyo valvu inabaki katika hali ya baridi daima na mafuta hayafiki kwenye kipozeo. Kwenye nchi tambarare, katika msimu wa baridi, ugonjwa kama huo unaweza kujificha. Kwetu mlima uliufichua.

Kulikuwa na kosa la pili, na hili ni letu. Giaboksi ya kwanza ilipokufa, unga wa klachi zilizoungua uliingia kwenye mfumo mzima. Tulilipia kusafishwa kwa kipozeo, na kazi ilifanyika mbele ya macho yetu. Lakini kilisafishwa kwa kusukuma mafuta ya baridi kupitia paipu za giaboksi. Mafuta ya baridi yanapita mchepuko! Tuliosha mchepuko, kipozeo hakikuguswa. Mwenye valvu ya aina hii hana budi kusafisha kipozeo kwa mafuta yaliyopashwa moto kwa mashine inayofaa, au akifungue na kukisafisha peke yake, au anunue kipya. Sisi tulinunua kipya.

"Itoeni tu, huku hakuna baridi"

Valvu haikupatikana madukani, ikabidi tuwaombe marafiki waitume. Wakati tunasubiri tulishauriwa na wengi tuitoe, tuunganishe paipu moja kwa moja. Ushauri huu tunaufahamu, maana ni magari mangapi nchini yanatembea bila thamostati ya injini kwa sababu hiyohiyo?

Tunapenda kusema kweli: ushauri huo si wa kipuuzi. Katika joto la Dar es Salaam au Mtwara, valvu ya joto iliyokwama ni mbaya kuliko kutokuwa na valvu. Nasi kwa wiki tano tuliunganisha moja kwa moja, kwa sharti kwamba dereva aache injini ingurume kidogo asubuhi na aende polepole kilomita za mwanzo. Huduma haikusimama.

Lakini valvu ilipofika tuliifunga. Kwanza, asubuhi za Juni hadi Agosti maeneo kama Makete na Kitulo hupata sakitu. Baridi hiyo haiui giaboksi kama ile ya Minnesota, lakini huifanya ichelewe kupata joto na kuongeza matumizi ya mafuta. Pili, gari lenye valvu ya msukumo likitolewa valvu hiyo hupoteza kinga yake siku kipozeo kinapoziba, hata kama liko pwani. Tatu, tumejifunza kutotoa kifaa kabla ya kujua kiliwekwa kwa kazi gani. Valvu pamoja na kipozeo kipya havikufika robo ya bei ya ile giaboksi.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla ya kuidhinisha giaboksi nyingine, kamati imtake fundi aeleze kwa maandishi nini kiliua ya kwanza. "Imechoka" si jibu la kutosha.
2. Giaboksi ikibadilishwa, valvu na kipozeo vikaguliwe siku hiyohiyo.
3. Dereva akague rangi na harufu ya mafuta kila mwezi. Mekundu na safi ni mazuri. Meusi yenye harufu ya kuungua ni dalili ya joto. Yakiwa kama maziwa ya waridi, maji ya rejeta yameingia. Gari lisiwashwe tena mpaka litengenezwe.
4. Kipimo kifuate kitabu cha gari, kwa sababu magari mengi hupimwa injini ikiwa inanguruma na mafuta yakiwa na joto. Aina ya mafuta ifuate kitabu pia.
5. Anayegusa paipu kwa mkono awe mwangalifu, mafuta hayo yanaunguza.
6. Marafiki wanaotutumia magari kutoka nchi za baridi tunawaomba waambatanishe kitabu cha gari na historia ya matengenezo. Wakiweza, waweke na valvu moja ya akiba. Haijazi hata mfuko wa koti.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Gari la mradi wetu lina giaboksi ya aina gani, na nani kati yetu anajua kipozeo chake kilipo?
- Mara ya mwisho tulipolipia matengenezo makubwa, je, tuliuliza chanzo au tuliuliza bei tu?
- Gari likisimama usiku huu likiwa na mgonjwa, tuna mpango gani?

Gari la wagonjwa linaendelea na kazi. Juma lililopita lilipanda mlima ule mara mbili, na dereva ametuarifu kwamba siku hizi akisimama juu husogeza mkono karibu na kipozeo. Kina joto, anasema, kama inavyotakiwa.