Mshono Unapotunga Usaha: Maswali kwa Daktari wa Upasuaji

Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Wiki moja baadaye mshono ukaanza kutoa usaha. Mama mkwe anasema ni kwa sababu alioga mapema. Kweli?

Hapana, ndugu yangu. Mshono safi huziba juu ndani ya siku mbili hivi, na baada ya hapo kuoga hakumdhuru mama. Usaha wa wiki ya kwanza kwa kawaida huanzia kwenye meza ya upasuaji, kidonda kikiwa wazi. Bakteria wengi hutoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na kwa mama ambaye chupa imepasuka akakaa na uchungu muda mrefu, hupanda kutoka ukeni. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, barani Afrika hadi mwanamke mmoja kati ya watano wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Tafadhali, mkeo asibebeshwe lawama hiyo.

Basi mkono wa daktari una uzito gani?

Mkubwa sana, na sisi wenyewe hatuusemi vya kutosha. Bakteria wachache huingia katika kila kidonda. Swali ni wanakuta nini humo. Nyama iliyobanwa kwa koleo mpaka ikafa, au iliyounguzwa ovyo kwa umeme wa kuzuia damu, haifikiwi tena na damu. Chembe nyeupe hazifiki, antibayotiki haifiki. Damu iliyoachwa igande ndani nayo ni chakula cha bakteria. William Halsted, mpasuaji wa Johns Hopkins kule Marekani, alilisisitiza hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita: shika nyama kwa upole, zuia damu kikamilifu, usikaze nyuzi kupita kiasi.

Uzi pia una hesabu yake. Mwaka 1957 watafiti wawili nchini Uingereza, Elek na Conen, walionyesha kuwa ngozi huhitaji mamilioni ya stafilokoka ili itunge usaha, lakini palipo na uzi wa hariri, mamia tu yanatosha. Ndiyo maana fundo lisilo la lazima ni kosa. Lakini mafuta ya tumbo yakizidi unene wa sentimeta 2, katika upasuaji wa uzazi huwa tunayashona, ili pasibaki uwazi wa kukusanya majimaji.

Kubadilisha glavu katikati ya kazi kunasaidia, au ni kupoteza vifaa?

Kunasaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi saba ikiwemo Rwanda, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 13,000 wa upasuaji wa tumbo. Timu zilizovaa glavu mpya na kuchukua vifaa safi kabla ya kufunga tumbo zilipata maambukizi asilimia 16, nyingine asilimia 18.9. Bajeti ya hospitali inapaswa kulibeba hilo.

Ninyoe kwa wembe kabla ya kwenda kupasuliwa?

Usinyoe. Wembe huacha mikwaruzo ambamo bakteria huzaliana. Oga kwa sabuni, inatosha.

Na antibayotiki za siku tano baada ya upasuaji?

Dozi inayokinga ni ile inayotolewa kabla ya kisu, ndani ya dakika 120. Kama hakuna maambukizi tayari, kuendelea nazo baadaye hakuongezi kinga, kunalea usugu.

Nirudi hospitali lini?

Hatari hudumu hadi siku 30. Rudi ukipata homa, harufu mbaya, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa: je, pana joto, pamekuwa pagumu? Usikimwagie kidonda unga wa kapsuli za antibayotiki. Na majimaji mekundu yakibubujika ghafla, huenda tabaka la ndani limeachia: lala chali, funika kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi, upelekwe hospitali saa hiyohiyo.