Punda Akiumia Kano: Mwongozo kwa Wafugaji wa Tanga

Mbung'o hawakumpa farasi nafasi ukanda huu. Anayebeba madumu ya maji Handeni na magunia ya mahindi Kilindi ni punda. Mguu wake umeundwa kama wa farasi: chini ya goti hakuna nyama, ni mfupa, ngozi na kano ndefu zinazoshuka nyuma ya muundi hadi kwatoni. Kano ikichanika, fanya hivi.

1. Shusha mzigo hapo hapo. Usiseme "afike nyumbani kwanza". Kila hatua akiwa na shogi mgongoni huchana nyuzi zaidi.

2. Pima kwa kiganja. Kipitishe nyuma ya mguu unaoushuku na wa upande wa pili, ulinganishe joto, uvimbe na mahali anaposhtuka. Punda huficha maumivu, kwa hiyo usingoje achechemee. Kifundo kikizama kuelekea ardhini, au kukiwa na jeraha wazi juu ya kano, mwite daktari wa mifugo saa ile ile.

3. Poza. Dakika 20, mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku 2 au 3 za mwanzo. Tumia maji baridi ya kisima au barafu ya wauza samaki iliyofungwa kitambaani. Usimpeleke baharini: maji yetu ni vuguvugu, na kwato zikizama mchangani kano huvutika. Usikande kwa maji ya moto wala usichome kwa chuma.

4. Funga. Zungushia pamba nene kwanza, kisha bendeji, toka chini ya goti hadi kifundoni. Isikaze. Ifungue kila siku ukague ngozi.

5. Dawa ni ya daktari. Ya kutuliza maumivu haiungi kano. Asirudishwe kazini kwa sababu tu ametulia.

6. Mpumzishe kwenye zizi dogo, pamoja na mwenzake. Punda aliyetengwa huweza kususa kula, na mafuta yakijaa kwenye damu yake anaweza kufa.

7. Mrudishe kidogo kidogo. Daktari akiruhusu, mtembeze kwa kamba dakika 10 kwa siku, kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, ukiongeza dakika 5 kila wiki. Punguza kwato ndefu, maana huvuta kano. Iliyochanika vibaya huhitaji miezi 9 hadi 12.

Mwezi wa pili baada ya kuumia ndio wa hatari: uvimbe umeshuka, anatembea vizuri, na madumu nyumbani ni matupu. Azima punda wa jirani.