Nani Agharimie Matunzo ya Mwathiriwa wa Uhalifu?

Katika kesi ya jinai, pande mbili husikika mahakamani: Dola inayoshitaki na mshitakiwa anayejitetea. Aliyeumizwa huitwa kama shahidi, na akishatoa ushahidi wake hurejea nyumbani. Mhalifu akifungwa, haki imetendeka. Lakini kidonda, nauli na kazi aliyoipoteza mwathiriwa hubaki juu yake. Somo hili lahusu gharama hizo.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyebakwa usiku katika kijiji cha mpakani. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU sharti aanze kuzitumia ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyomfaa zaidi. Polisi humpa fomu ya matibabu, lakini fomu haimfikishi hospitali. Akikosa nauli, saa hizo hupita, na pamoja nazo hupotea ushahidi wa kitabibu ambao mahakama itauhitaji. Hivyo basi, fedha za kumsaidia mwathiriwa ni sehemu ya upelelezi wenyewe, wala si sadaka.

Tarehe 29 Novemba 1985, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio kuhusu haki za waathiriwa wa uhalifu. Azimio hilo lahimiza kwamba, pale mhalifu asipoweza kulipa fidia kamili, Serikali ijitahidi kufidia waliojeruhiwa vibaya, na kwamba mifuko ya taifa ianzishwe kwa kazi hiyo. Pia lakataza ubaguzi kwa misingi ya uraia. Kwetu tuishio mpakani, maana yake ni kwamba aliyevuka kwenda gulioni akaporwa na kujeruhiwa asinyimwe msaada kwa sababu ni mgeni.

Nchi mbalimbali zimetumia njia mbalimbali. Rwanda ilifungua kituo cha Isange mwaka 2009 katika hospitali ya Kacyiru, Kigali, ambapo daktari, polisi na mshauri nasaha hupatikana mahali pamoja bila malipo. Baadaye huduma hiyo ikaenea katika hospitali za wilaya. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2014, iliweka Mfuko wa Ulinzi wa Waathiriwa. Marekani ilianzisha mfuko wake mwaka 1984, ukitegemea faini za wahalifu badala ya kodi. Faini zilipopungua, mfuko nao ukapungua, hata sheria ikabidi irekebishwe mwaka 2021.

Funzo ni hili: sheria hufungua mfuko, bali bajeti ndiyo huujaza. Chanzo kimoja hakitoshi, na fedha zikibaki makao makuu hazimfikii aliyeumizwa usiku kijijini. Yafaa kila wilaya iwe na fungu dogo lakini la kudumu kwa ajili ya nauli, matibabu ya dharura, ushauri nasaha na hifadhi ya muda.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa polisi jamii:

1. Katika bajeti ya wilaya yetu, fungu la waathiriwa lipo? Ni kiasi gani?
2. Mwathiriwa asiye na nauli hufikaje hospitali usiku?
3. Raia wa nchi jirani akidhurika kwetu, nani humpokea?

Majibu yaandikwe na kuwasilishwa kwa diwani kabla bajeti haijapitishwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.