Gemu Mpya na Urushaji wa Ndege katika Linux: Njia Ninayoifuata

Kwa muda mrefu ilinenwa, na wanenaji walikuwa na haki ya kunena, ya kwamba mtu aliyechagua Linux kuwa mfumo wa kompyuta yake amejinyima michezo. Kwamba atapata uthabiti, usalama na uhuru wa kuchungulia kila kilichomo ndani ya mashine yake, lakini gemu iliyotoka juma hili atabaki kuisikia kwa wenzake tu. Neno hilo leo halina nguvu tena. Mimi hucheza gemu mpya na kurusha ndege za kompyuta katika Linux, sina mfumo mwingine ndani ya mashine yangu, na nataka kumweleza msomaji kwa utulivu, bila kuficha palipo na dosari, namna ninavyofanya na sababu ya kila hatua. Maana naamini kwa dhati kwamba mwenye kufahamu kazi inavyopita ndani ya kompyuta huona sahali kuitengeneza inapokwama, ilhali mwenye kunakili amri za watu bila kujua maana yake huachwa njiani kila toleo jipya linapotoka.

Aghalabu ya gemu hutungwa kwa ajili ya Windows. Gemu inapotaka kuchora ukuta, moshi au uso wa mtu, hutoa maombi yake kwa lugha ya michoro iitwayo Direct3D, na Linux haiijui lugha hiyo. Basi huhitajika tarjumani kati yao. Wa kwanza ni Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, ambao hupokea maombi ya programu ya Windows na kuyatimiza kwa njia za Linux. Wine ulifaa kwa programu za ofisini kabla haujafaa kwa gemu, kwa sababu michoro mizito ilikuwa ikitafsiriwa kwa OpenGL, lugha ya michoro ya zamani zaidi, nayo tafsiri hiyo ilikuwa nzito na yenye mapengo. Mwaka 2016 ikatolewa Vulkan, lugha ya michoro isiyo milki ya kampuni moja na iliyo karibu sana na kadi yenyewe, na baada yake mtunzi wa programu Philip Rebohle, ambaye shauku yake ilikuwa kuicheza NieR: Automata katika Linux, akaandika DXVK, inayogeuza Direct3D 11 kuwa Vulkan. Kampuni ya Valve ya Marekani, yenye duka la Steam, ikaitambua thamani ya kazi ile, ikamwajiri, ikashirikiana na kampuni ya CodeWeavers, na mwezi wa Agosti 2018 ikatoa Proton, ambayo ndani yake mna Wine, DXVK na zana nyinginezo; baadaye ikaongezwa vkd3d-proton kwa ajili ya gemu za Direct3D 12. Na ilipouza Steam Deck, kuanzia Februari 2022, chombo cha mkononi kinachotumia Linux, watunzi wengi wa gemu walianza wenyewe kuzipima kazi zao juu ya Proton. Mnyororo huu, yaani gemu, Wine, DXVK au vkd3d-proton, Vulkan, kiendeshi, kisha kadi, ndio ninaoukumbuka kila tatizo linapotokea, nikaukagua pingili kwa pingili.

Matengenezo yangu huanzia chini, kwenye kadi ya michoro. Mwenye kadi ya AMD au Intel hana mashaka mengi, kwa kuwa kiendeshi chake kimo tayari katika kiini cha Linux na katika mkusanyiko uitwao Mesa. Linalompasa ni kuchagua distro, yaani toleo la Linux lililokusanywa tayari kusakinishwa, inayoleta Mesa mpya upesi, kama Fedora au Arch, kwani gemu ya mwezi huu mara nyingi huhitaji masahihisho ya mwezi huu, na distro inayokaa na Mesa ya miaka miwili iliyopita haitamfaa hata iwe thabiti namna gani. Mwenye NVIDIA na asakinishe kiendeshi cha kampuni hiyo kupitia hazina ya distro yake, si kwa faili aliyoipakua pembeni, kwa sababu faili ya pembeni haisasishwi pamoja na kiini, na siku kiini kinapobadilika huenda skrini ikawaka nyeusi. Kisha, kabla ya gemu yoyote, hufungua teminali nikaandika vulkaninfo --summary. Jina la kadi likitokea, msingi umesimama. Likitokea llvmpipe peke yake, ni alama kwamba kazi ya michoro imeachiwa prosesa, na hapana gemu mpya itakayokwenda vizuri mpaka kiendeshi kitengenezwe.

Diski nayo ina hukumu yake. Wengi waliohama kutoka Windows hupenda kuziacha gemu zao katika sehemu ya NTFS ili wasipakue tena, na kwa mtu anayenunua intaneti kwa vifurushi ninaielewa hamu hiyo, hasa ikiwa gemu kama Baldur's Gate 3 hudai nafasi ya GB 150. Hata hivyo siishauri. Kwa kila gemu Proton hujenga folda inayojifanya Windows kamili, yenye viungo vya faili na majina yaliyo na alama ya nukta mbili, navyo havipatani na NTFS. Gemu hugoma kufunguka na sababu haionekani. Nakili gemu hizo kwenye sehemu ya ext4 au btrfs, uiambie Steam izikague faili, na utakuwa umeokoa kifurushi chako bila kuingia matatani. Jambo jingine dogo lenye taabu kubwa ni idadi ya vipande vya kumbukumbu ambavyo programu moja huruhusiwa kuvimiliki: kwa desturi ya zamani kikomo kilikuwa 65530, na gemu kubwa za siku hizi hukipita, zikafa ghafla bila kutoa neno. Amri cat /proc/sys/vm/max_map_count itakuonyesha kikomo chako. Fedora na Ubuntu za karibuni zimekwisha kukipandisha hadi 1048576, na penginepo waweza kukipandisha mwenyewe kwa mstari mmoja katika folda ya /etc/sysctl.d.

Sasa gemu mpya yenyewe. Steam ina Proton za namna nyingi, na mimi huanza na ile thabiti ya karibuni. Gemu ikiwa ni ya siku ileile, hugeukia Proton Experimental, kwa kuwa humo ndimo masahihisho ya haraka yanamofika kwanza. Na masahihisho hayo huja kwa kasi ya kustaajabisha. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, Proton 5.13-4 ilikuwa imekwisha kutolewa kwa ajili yake, na wenye kadi za AMD waliokuwa na Mesa mpya kabisa wakaicheza tangu mwanzo. Elden Ring ilipotoka Februari 2022, wachezaji wa Windows walilalamikia kukwamakwama kwa picha, na wahandisi wa Valve wakaingiza ndani ya Proton marekebisho ya namna gemu ile ilivyokuwa ikiomba kumbukumbu, hata katika jambo hilo Linux ikawa laini kuliko mfumo ambao gemu ilitungiwa. Nayataja haya kwa fahari, kwa sababu yaonyesha faida ya mnyororo ulio wazi: kila pingili yaweza kurekebishwa na asiyeitunga gemu.

Gemu ikigoma, sibadilishi mambo mengi kwa pamoja. Katika sifa za gemu, mahali pa amri za kuanzia, huandika PROTON_LOG=1 %command%, nikaifungua gemu mpaka ianguke, kisha nikaisoma faili inayozaliwa katika folda yangu ya nyumbani, jina lake likianza na steam na kufuatiwa na nambari ya gemu. Mistari ya mwisho aghalabu hutaja pingili iliyokatika. Kabla ya kulipa hupita ProtonDB, ambako wachezaji hueleza gemu ilivyokwenda katika mashine zao, nami hutafuta mwenye kadi inayofanana na yangu, kwani sifa ya mwenye kadi tofauti hainiambii mengi. Na Steam hurudisha fedha ya mnunuzi anayeomba ndani ya siku 14 ikiwa hajacheza zaidi ya saa 2. Basi fanya majaribio yako mapema, ukikumbuka kwamba muda ambao gemu yenyewe, ikiwa imefunguka, huutumia kuandaa sheda zake, yaani programu ndogo za kuchorea, nao huhesabiwa.

Pana mlango mmoja ambao ujuzi haufungui. Gemu za mashindano ya mtandaoni huwa na walinzi wa kuzuia udanganyifu, na baadhi yao, kama Vanguard ya Valorant, hukaa ndani kabisa ya kiini cha Windows, mahali ambapo Proton haiwezi kupaiga. Easy Anti-Cheat na BattlEye zimeweza kufanya kazi na Proton tangu 2021, lakini kwa ridhaa ya mwenye gemu tu: Fortnite haikuridhia, na Apex Legends, iliyokuwa imeridhia, iliwafungia wachezaji wa Linux mwishoni mwa 2024. Kama gemu hizo ndizo zinazokupa raha, usihamie Linux kwa ajili ya maneno yangu.

Katika urushaji wa ndege, kinyume chake, Linux ni mwenyeji wa siku nyingi. FlightGear, iliyoanza kutolewa 1997, ni ya bure, ni huru, na imo katika hazina za distro nyingi. Amri fgfs --airport=HTZA --aircraft=c172p --enable-terrasync itakuweka juu ya barabara ya kurukia ya Unguja ndani ya Cessna 172, huku mandhari yakipakuliwa kidogo kidogo kadiri unavyosafiri, jambo linalokifaa sana kifurushi chembamba. Picha zake si za kuvutia kama za wengine, lakini kwa kujifunza taratibu za redio, dira na kutua kwa vyombo sijaona sababu ya mwanafunzi kuanza penginepo.

Ninayoipenda zaidi ni X-Plane ya Laminar Research, kampuni ya Austin Meyer, ambayo toleo lake la 12 lilikamilika Desemba 2022. Hii imetungwa kwa Linux yenyewe pamoja na mifumo mingine, haina haja ya tarjumani, na huzungumza na Vulkan moja kwa moja. Hesabu yake ya kuruka huligawa bawa na panga la rafadha katika vipande, ikatafuta nguvu ya hewa juu ya kila kipande mara nyingi kwa sekunde. Ndiyo maana ndege huitikia upepo wa ubavuni kwa namna ambayo mkono huiamini. Barabara zinazoonekana chini zimetokana na OpenStreetMap, ramani huru ambayo kwa upande wa Dar es Salaam ilinufaika sana na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi na wakazi wakichora mitaa inayopatwa na mafuriko. Pakua kwanza bara unalolihitaji tu. Kisakinishi hukuruhusu kuchagua mraba kwa mraba wa dunia, na mwenye kuichukua Afrika ya Mashariki peke yake atapumua.

Washa hali ya hewa ya kweli. Barabara ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini na kusini, nambari zake 18 na 36. Wakati wa kusi utaona upepo ukikulazimisha kuingia kutoka kaskazini, bahari ikiwa mkono wa kulia, na wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Mtu aliyekua pwani hujua majira hayo tangu utotoni, na kuyaona yakiamua upande wa kutua humfundisha urubani kuliko kurasa nyingi za maelezo. Kutoka hapo naruka kwenda Pemba, kisha Tanga, safari fupi zenye maji, visiwa na mwambao, ambazo kadi ya kawaida huzimudu.

Microsoft Flight Simulator, iliyotungwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, na kutolewa Agosti 2020, hupita kwa Proton ikiwa imenunuliwa Steam. Nakala ya duka la Microsoft haitafaa. Uzuri wake hauna kifani, lakini dunia yake, iliyojengwa kwa data inayozidi petabaiti 2, hutiririka kupitia intaneti wakati unaporuka, na asiye na mstari wa kudumu atakiona kifurushi chake kikiisha kabla hajatua. Ya 2024, iliyotoka Novemba mwaka huo, imezidi kuegemea mtiririko huo. Weka akiba ya data kwenye diski, uizime picha ya angani unapofanya mazoezi ya kawaida, uiwashe kwa safari maalumu.

Limebaki la mkono. Joistiki ya kawaida ya USB hutambuliwa na Linux papo hapo; tatizo huja Steam inapojaribu kuigeuza kuwa kidhibiti cha gemu na mihimili ikachanganyika. Fungua sifa za gemu, sehemu ya kidhibiti, uzime Steam Input, kisha uzipange tena amri ndani ya gemu. Pedali na mikono ya injini isiyosomeka kabisa aghalabu hukosa ruhusa tu, na kanuni fupi ya udev, sehemu ya Linux inayosimamia vifaa, huiondoa kasoro hiyo. Zana ya evtest itakuonyesha kila mhimili unavyosogea. Usukani ukitetemeka ukiwa umeachwa katikati, ongeza eneo lake tulivu kidogo, lakini usizidishe, la sivyo ndege nyepesi itakuwa nzito mkononi wakati wa kutua. Mwenye kamera ya kawaida ya kompyuta anaweza pia kusakinisha opentrack, inayofuata mwendo wa kichwa na kuupeleka X-Plane bila Wine, ili ageuke kuitazama barabara ya kutulia dirishani akiwa katika mzunguko.