Mwenyeji na Mgeni katika Michezo ya Mtandaoni: Mfano wa Sericho

Utangulizi

Makala haya yanachunguza dhana mbili za michezo ya mtandaoni ya wachezaji wengi, yaani ukawiaji na mwenyeji, kwa kumtazama mchezaji wa kubuni aliyeko Sericho, Kaunti ya Isiolo. Hoja kuu ni kwamba istilahi za Kiswahili hufichua suala la haki lililojificha ndani ya mitambo.

Kukawia si kuchelewa

Kuchelewa hupimwa kwa saa iliyopangwa; kukawia hupimwa kwa muda uliotumika njiani. Amri ya mchezaji haikupangiwa saa ya kufika, hivyo hukawia. Kipimo chake ni milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde, kwa safari ya kwenda na kurudi.

Setilaiti za masafa ya mbali huwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu huvuka umbali huo mara nne, kwa hiyo ukawiaji haupungui takriban milisekunde 480. Mikongo ya SEACOM na TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009, ilifupisha njia hiyo. Starlink, iliyoanza huduma nchini Kenya mwaka 2023, hutumia setilaiti zilizo takriban kilomita 550 tu juu. Hata hivyo, umbali haufutiki: ndani ya mkongo, mwanga husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde.

Uteuzi wa mwenyeji

Katika michezo mingine, kompyuta ya mchezaji mmoja huwa mwenyeji na mwamuzi. Tuseme ukawiaji kati ya Sericho na Nairobi ni milisekunde 60, Sericho na Mombasa 70, Nairobi na Mombasa 15. Programu humteua yule ambaye mgeni wake wa mbali zaidi hukawia kidogo zaidi. Nairobi inashinda, kwa 60 dhidi ya 70. Uteuzi huo ni sahihi kihesabu, lakini kwa vipimo hivyo Sericho haitakuwa mwenyeji kamwe.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji hupona kweli, kwani amri yake haisafiri. Mchezaji wa Sericho akifyatua milisekunde 20 kabla ya mwenzake wa Nairobi, amri yake hutumia 30 njiani na kufika 10 baadaye. Aliyetangulia anahesabiwa wa pili.

Tiba na mipaka yake

Seva isiyo ya mchezaji yeyote huondoa upendeleo wa mwenyeji, ingawa aliye karibu nayo hubaki na nafuu. Seva yaweza pia kurudisha saa ya mchezo nyuma na kuamua kwa kile alichokiona kila mchezaji. Lakini hapo aliyekwisha kujificha huweza kuhesabiwa amepigwa.

Hitimisho

Neno mwenyeji hubeba wajibu kwa mgeni. Wataalamu wa istilahi wakilihifadhi, mwanafunzi atakumbuka kuuliza si tu nani ana kasi, bali pia nani anabeba gharama ya umbali.