Jinsi ya Kuona Gesi ya Coma kwa Kompyuta ya Mezani

Kundi la galaksi la Coma liko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru milioni 300. Lina galaksi zaidi ya elfu moja, lakini galaksi hizo ni kama vinyama vichache kwenye sufuria ya mchuzi: sehemu kubwa ya maada ya kawaida ni gesi iliyotanda katikati yao, yenye joto la karibu nyuzi milioni 100. Jicho haliioni. Wewe unaweza kuiona kwa jioni mbili, bila darubini, kwa data ya bure.

Utakachokiona ni kivuli. Mnururisho wa mikrowevu uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi unatufikia kutoka kila upande, ukiwa na joto la kelvini 2.725. Fotoni zake zinapopita kwenye gesi ya Coma, chini ya moja kati ya 100 hugongwa na elektroni iliyo mbioni, na kwa kawaida hutoka hapo na nishati zaidi ya ile iliyoingia nayo. Hivyo fotoni za masafa ya chini hupungua, za masafa ya juu huongezeka. Rashid Sunyaev na Yakov Zel'dovich walieleza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo linaitwa kwa majina yao. Mpaka uko karibu na gigahezi 217: chini yake kundi ni shimo la baridi, juu yake ni doa la joto, na penyewe hapo kundi hutoweka. Shika hiyo 217, maana kazi yote imeegemea hapo.

Hatua ya 1: Pakua ramani. Setilaiti ya Planck ya Shirika la Anga la Ulaya ilirushwa mwaka 2009 ikapima anga lote kwa masafa tisa. Ingia kwenye hazina yake, Planck Legacy Archive, uchukue ramani za misheni nzima za gigahezi 143 na 217. Kila faili ni karibu gigabaiti 2, kwa hiyo subiri bando la usiku. Usitamani zote tisa. Mbili zinatosha kwa kuanzia.

Hatua ya 2: Zisome. Weka Python pamoja na maktaba ya healpy, kisha tumia read_map kusoma safu ya kwanza, ile ya ukali wa mnururisho. Kila ramani ina pikseli 50,331,648. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha ukifunga programu nyingine. Pikseli zimehifadhiwa kwa mpangilio uitwao NESTED, na read_map huzipanga upya yenyewe. Ukisoma faili kwa njia nyingine ukasahau hilo, anga lako litafanana na mkeka uliofumuliwa.

Hatua ya 3: Sawazisha ukungu. Hapa ndipo wengi hukimbilia kutoa ramani moja kwenye nyingine, na hapo ndipo huharibu. Planck iliona kwa upana wa dakika 7.3 za nyuzi kwenye 143, na dakika 5 kwenye 217. Ukitoa picha kali kwenye picha yenye ukungu, kinachobaki ni kingo za mnururisho wa kale wenyewe. Zifikishe zote dakika 10 kwa smoothing: ile ya 143 ipake ukungu wa dakika 6.8, ya 217 dakika 8.7. Healpy inataka radiani, yaani 0.00198 na 0.00253. Kisha nenda kanywe chai, kwa sababu kompyuta itachukua muda.

Hatua ya 4: Toa. Kwanza itazame ramani ya 143 peke yake. Imejaa vilima na mabonde ya joto la mnururisho ule wa kale, ya mikrokelvini 100 hivi, na shimo la Coma limejificha humo kama jiwe kwenye mchele. Sasa toa ya 217 kwenye ya 143. Vilima vile ni sawa katika masafa yote mawili, kwa hiyo vinafutana. Coma, ambayo kwenye 217 karibu haipo, inabaki.

Hatua ya 5: Lenga. Tumia gnomview, ukiweka rot kuwa 58 na 88, pikseli 200 za dakika 1.5 kila moja, na rangi za RdBu_r. Mara yangu ya kwanza niliandika 195 na 28, nikakodolea macho anga tupu usiku mzima nikidhani ramani imeharibika. Hizo ni nambari za Coma kwenye ramani za kawaida za nyota. Ramani za Planck hupimwa kwa kufuata Njia Nyeupe, galaksi yetu. Ukilenga sawasawa utaona doa la bluu lenye upana wa zaidi ya nyuzi moja, yaani zaidi ya mara mbili ya mwezi mpevu.

Hatua ya 6: Pima. Usisome kina cha shimo moja kwa moja. Mwanga wa galaksi za mbali zisizohesabika haulingani katika ramani hizi mbili, na umeishusha picha yako yote kwa makumi ya mikrokelvini. Chukua wastani wa pete iliyo nyuzi 2 hadi 3 kutoka kiini, uutoe. Kinachobaki kigawe kwa −2.97 kelvini. Mikrokelvini −150, kwa mfano, hutoa 0.00005: hiyo ndiyo y, jumla ya shinikizo la elektroni katika njia nzima ya kuvuka kundi.

Sikuichagua Coma kwa uzuri wa jina. Iko karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya Njia Nyeupe, ambako vumbi ni haba. Perseus iko karibu zaidi nasi, lakini katikati yake galaksi ya NGC 1275 inatoa mawimbi makali ya redio yanayofukia shimo.

Bado una shaka? Pakua ramani ya 353, isawazishe vilevile, kisha toa ile ya 217 kwenye hiyo ya 353. Vumbi litakuwa limechafua kingo za picha, lakini palepale palipokuwa na bluu patawaka nyekundu.